Maziwa ya Abiria

Chumba cha nyuma,
Karakana ya Majokofu,
Barabara ya uwanja mdogo wa ndege.
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua umeshangaa kukuta karatasi humu, maana kila siku unafungua kasha hili ukitegemea chupa na barafu tu. Usishtuke. Hakuna aliyefariki na hakuna anayeumwa. Mpe kwanza nesi maziwa, halafu tafuta lile benchi lako la dirishani, ukae, usome taratibu. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Goti linaendeleaje? Uliniambia ngazi za pale wodini ni thelathini na nane na kwamba unapumzika ya kumi na tisa. Naomba uendelee kupumzika, hata kama umechelewa. Na Baba Mdogo, miwani mipya imemkubali, au bado anaipandisha kwenye paji la uso halafu anawauliza watu wote nani ameichukua?

Sisi ni wazima. Baba Kasuku kazi zimemzidi, kila mtu jokofu lake limekufa mwezi mmoja. Kasuku mwenyewe ametimiza miaka minne juzi na jina lake anazidi kulistahili. Jana mteja alikuja kulalamika, mtoto akamwambia kwa sauti ileile ya baba yake, "Mzee, wewe umelibeba limelala, gesi imehama, usinisingizie." Mteja alicheka, akalipa.

Mimi nakula, nalala kidogo, nakamua. Mshono umepona. Umepona siku nyingi, Mama Mdogo, na hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Nilikudanganya. Nilikuambia daktari hajaniruhusu kupanda ndege. Aliniruhusu Ijumaa ya wiki ya tano. Alibonyeza tumbo, akaandika kwenye kadi, akasema, "Nenda kamwone mwanao." Leo ni wiki ya nane. Kila uliponiuliza nikasema bado, bado, daktari mkali. Daktari si mkali. Ni kijana mpole na ana mafua wakati wote. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikikusikia sauti naanza tena kudanganya.

Sitaki useme ni woga wa ndege. Hiyo ndege naijua kuliko watu wanaoipanda. Tangu siku ya kwanza nimekuwa nikiandika kwenye daftari: imeondoka saa ngapi, wewe umenipigia imetua saa ngapi. Kwenye ubao wao wameandika kilomita mia tatu na kumi, saa moja na dakika tano. Iliyowahi zaidi ilitumia dakika sitini na moja. Iliyochelewa ilitumia themanini na moja, ile siku ya mvua. Na kurudi huku ni fupi, hamsini na nane, wakati mwingine hata chini ya hapo. Nilimuuliza karani wa mizigo, yule mzee ninayekusimulia, Mzee Mizani, inakuwaje njia moja iwe na urefu wa aina mbili. Akasema, "Upepo, binti yangu. Kwenda unatusukuma kifuani, kurudi unatusukuma mgongoni. Kilomita ni zilezile, wewe tu ndiye unayechoka."

Watu wote huku wananiambia ni karibu. Mama mkwe anasema dakika sitini na tano hata maharage hayajaiva. Majirani wanasema afadhali wewe, ungekuwa wa kwenda kwa basi ungezunguka milima siku mbili. Ni kweli. Lakini mimi nimeipima kwa namna yangu. Nafunga kifuniko cha chupa ya mwisho saa mbili kasoro robo asubuhi. Baba Kasuku anapanga barafu, hapendi mtu mwingine aipange, anasema hewa ikibaki katikati ndiyo adui. Tunapanda baiskeli, kasha likiwa mbele. Mzee Mizani analipima. Ndege inaondoka saa tatu na nusu. Wewe unalipokea, unatafuta pikipiki, unapanda ngazi thelathini na nane, nesi anapasha chupa, na mtoto anapata tone la kwanza saa sita kamili. Toka kifuani mwangu hadi kinywani mwake ni masaa manne na robo. Hiyo ndiyo safari yenyewe. Ile ya angani ni robo yake tu.

Na kwa wiki nane nimeifanya kila siku isipokuwa Jumapili, ambapo hakuna ndege na mnatumia yale ya Jumamosi. Watu wananisifu. Nesi wa huko ulisema amesema mama wa Abiria, kama mnavyomwita mtoto, ana moyo. Mama Mdogo, ningekuwa na moyo ningekwambia. Mimi nilikuwa nakamua kama mtu anavyofua. Unashika, unakamua, unaanika, kesho tena.

Sasa nikueleze siku ya samaki. Upande wako unaujua. Wa kwangu sikukusimulia.

Unajua kwa nini kasha letu limeandikwa SAMAKI. Siku ya kwanza Mzee Mizani aliniambia, "Kwenye kitabu changu vitu vya baridi ni aina moja tu, samaki. Nikiandika maziwa ya mama watanipigia simu kuniuliza mama ana bei gani kwa kilo." Tukacheka, akaandika samaki. Na kasha lenyewe Baba Kasuku alilipata kwa wale wauza samaki anaowatengenezea jokofu, kwa hiyo lilifanana kabisa na makasha yao, mpaka kamba. Hatukufikiria. Wiki ya sita mpishi wa hoteli ya huko akabeba letu, wewe ukabeba lake.

Ulinipigia saa tano na nusu. Ukasema, "Mama, nimefungua hapa mbele ya nesi, kuna samaki wanne wananitazama." Nikasikia nesi anacheka na wewe unacheka kidogo, halafu ukaacha kucheka, kwa sababu mtoto alikuwa anasubiri. Mimi nikakwambia, "Sawa. Nitakamua mengine kesho."

Ukasema, "Sawa? Mtoto ana njaa na wewe unaniambia sawa?"

Ulidhani nimekasirika, au nimechoka. Nilikaa juu ya sanduku la vifaa vya Baba Kasuku na nikawa nasubiri hofu inifike. Nilijua inapaswa kuja. Ni kama ukijigonga kidole cha mguu, kuna ile sekunde unajua kwamba maumivu yako njiani. Nikasubiri. Haikuja. Niliona compressor ya jokofu imefunguliwa sakafuni, nikahesabu bolti zake, zilikuwa sita. Mwanangu wa kilo moja na nusu alikuwa hajala na mimi nahesabu bolti.

Kisha simu ikalia, namba nisiyoijua. "Dada, mimi ni mpishi. Nimefungua kasha nianze kupaa magamba, nimekuta chupa za mtoto na namba yako. Sijagusa kitu. Niambie wodi gani." Yule mwanaume aliacha jiko lake, akapanda pikipiki na aproni yake, akakuletea. Wewe ulilia kwa furaha, nilikusikia. Hata yeye mwenyewe, ulisema, machozi yalimlengalenga. Mtu baki kabisa. Mimi nilisema "Ahsante sana kaka," nikarudi ndani kumenya viazi.

Tangu siku hiyo nimejua kuna kitu hakipo. Sikumwambia mtu. Baba Kasuku alipokwenda kumwona mtoto wiki ya nne alirudi akinionyesha kucha ya kidole gumba: "Mkono wake wote unaishia hapa." Anairudia kwa kila mtu. Nilikuwa namtazama kama mtu anayetazama mgeni akisimulia mambo ya kwao. Ile siku walipompeleka huko mimi nilikuwa bado kitandani, ndege ilikuwa na nafasi ya nesi na kile kisanduku cha joto tu, na nilichooneshwa ni kofia. Nakumbuka kofia. Uso siukumbuki. Picha unazonitumia nazitazama, nasema mzuri, nafunga simu.

Ndiyo maana uliponipigia Jumatano ukasema maneno yale, hayakuniuma. Ulisema, "Mwanangu, una mtoto mdogo, una mshono, nyumba yenu ni karakana. Niachie huyu mpaka atembee. Wanangu wameshaondoka, nyumba yangu inasikika saa ya ukutani tu. Na dakika sitini na tano ni nini? Utakuja kumwona kila ukitaka."

Nilisema tutaona. Ulijua tutaona yangu maana yake ni ndiyo. Na ilikuwa ndiyo, Mama Mdogo. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa anaweza kutua ndoo. Nikamwambia Baba Kasuku. Akaacha kukaza bolti, akauliza, "Wewe unaonaje?" Nikasema, "Huko kuna hospitali karibu. Huko ana watu." Akanitazama sana, kisha akasema kama ndivyo ninavyoona, basi. Alikaza ile bolti mpaka ikakatika.

Alhamisi nilikuwa nachemsha chupa, Kasuku anacheza mlangoni. Alikuwa amechukua boksi la fyuzi, akamlaza ndani yule mdoli wake asiye na mkono, akamfunika na kitambaa kilicholowa. Juu ya kifuniko akachora samaki. Akalibeba kwa mikono miwili, taratibu, kama ninavyobeba mimi, akaliweka nje kwenye kizingiti. Akarudi, akanawa mikono. Akaniambia, "Tayari. Ameenda. Naomba chai."

Nikamuuliza, "Atarudi lini?"

Akasema, "Harudi. Yule anatumiwa vitu tu."

Alisema bila huzuni yoyote. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni utaratibu wa nyumba. Na mimi sikulia, nisikudanganye tena. Lakini nilizima jiko, nikamvalisha viatu, tukaenda kliniki kwa nesi wa watoto, yule mnene wa zamani aliyenipokelea Kasuku. Nilimwambia yote niliyokuandikia hapa. Nilitegemea atanishangaa. Akaendelea kukunja nepi. "Hii ipo, mama," akasema. "Wengi wanakuja nayo hapa, wanaificha chini ya kanga. Wewe umeificha ndani ya barafu." Amenitaka niwe nakwenda kila Ijumaa, na amesema kuna daktari wa hali hii hata huko kwenu, ameniandikia karatasi ya kumpelekea. Amesema pia chupa zimepungua kwa sababu mwili hauwezi kukamuliwa na mikono siku zote bila kuona anayenyonya. Ndiyo maana leo kuna nne badala ya tano. Mwambie nesi wa wodini ajazie na yale ya kopo kama alivyopanga, asisubiri.

Nilimuuliza nesi mnene, je, nikifika nikimshika nisisikie kitu? Akasema, "Utamshika hivyohivyo. Yeye atasikia."

Basi, Mama Mdogo, jibu langu la Jumatano nalibadilisha. Sitakuachia. Naomba usilipokee kama kofi, na naomba usilibishie. Sisemi nampenda kuliko wewe. Leo hii wewe ndiye unayempenda zaidi, hilo najua, na hakuna siku nitakayolikana mbele ya mtu. Umempandia ngazi wiki nane kwa goti lile. Lakini nikikubali sasa hivi, nitakubali kwa sababu ni rahisi, na hii hali niliyo nayo itakuwa imepata pa kukaa. Ataanza kutambaa kwako, ataanza kusema kwako, na mimi nitakuwa yule wa kwenye simu, nauliza amekula nini, nafunga. Dakika sitini na tano nazijua. Nimekaa wiki tatu sikuzivuka na nilikuwa na ruhusa ya daktari mfukoni.

Nakuja Jumanne. Nitakaa kwako mpaka wamruhusu, hata zikiwa wiki mbili au tatu. Kasuku anabaki na baba yake, na mama mkwe amesema atalala hapa, kwa sharti kwamba tuondoe mtungi wa gesi chumbani. Wewe nifundishe yote unayofanya: unavyomlaza, wimbo unaomwimbia hata kama hauna maneno, ule upande anaopenda. Nifundishe kama unavyomfundisha mfanyakazi mpya asiyejua kitu. Sitanuna.

Jana nilikwenda kukata tiketi. Ndege ni ndogo, kila abiria anapimwa uzito pamoja na mfuko wake. Mzee Mizani alinipandisha kwenye ile mizani ninayowekaga kasha, akaandika, akasema, "Leo samaki ni mkubwa." Kisha akauliza kama kurudi nitakuwa peke yangu. Nikasema nitakuwa na mtoto mchanga, tarehe bado. Akasema watoto wa mapajani hawalipi kiti, ila anaandika makadirio, tatu au nne, yoyote ile. Nikasikia mdomo wangu umeshasema, "Kilo mbili na gramu mia moja na kumi." Akaandika mbili. Nikamwambia aandike na hizo mia na kumi. Akaniangalia juu ya miwani, akaandika. Ndizo ulizonitajia asubuhi ya jana kwenye simu, na mimi niliamini sikuwa nasikiliza.

Sina zaidi ya hilo la kukuonyesha, na sitalikuza.

Sasa nisikilize kuhusu Jumanne. Usije uwanja wa ndege kunipokea. Baki naye. Njia naijua: natoka mlango wa mizigo, pikipiki, mzunguko wa pili, geti la nyuma. Nitapanda hizo ngazi mwenyewe, na mimi pia huenda nikapumzika ya kumi na tisa. Manesi waambie wasijikusanye kunitazama, na asipatikane mtu wa kupiga picha. Mnipe kiti tu.

Lisalimie sana lile benchi la akina mama wa wodini. Mpe Baba Mdogo shikamoo yangu na umwambie kijaluba cha miwani nitamletea. Wale wanao, dada na kaka zangu, nao ukiongea nao wape salamu. Mpishi, ukimwona, mwambie nataka kumshika mkono. Huku Baba Kasuku anakusalimu, mama mkwe anakusalimu na kukuombea goti, na Kasuku amesema nikuandikie kwamba yeye pia anakuja, kitu ambacho si kweli.

Mungu akuzidishie kwa kila ngazi uliyopanda, akupe usingizi mzuri, na asikunyime malipo ya kazi uliyonifanyia nilipokuwa siwezi.

Neno moja la mwisho. Ukinipa, anaweza akalia. Anakujua wewe, ananukia wewe. Akilia, Mama Mdogo, mwache alie mikononi mwangu. Nikishindwa nitasema. Lakini usinyooshe mikono mpaka niseme.

Ni mimi mwanao mkaidi, nakupenda hata siku nisizoweza kuusikia upendo,
Mama Kasuku na Abiria.